Matuta ya Mlalo

Maji ya Usambara hayakai juu. Yanayoteremka upande wa magharibi huingia mto Mkomazi. Ya bonde linalotenganisha Usambara Magharibi na Mashariki hufuata mto Luengera. Na mito hiyo miwili hujiunga na Pangani maeneo ya Korogwe, kabla maji hayajafika kwenye mitambo ya umeme ya Hale na ya maporomoko ya Pangani. Upande wa Amani kuna Sigi, unaojaza bwawa la Mabayani ambalo jiji la Tanga linakunywa maji yake. Kaskazini, kutoka milima ya Mlalo, mto Umba hushuka nyikani na kuvuka mpaka wa Kenya hadi baharini. Mtambo wa kwanza wa Pangani uliwashwa mwaka 1936, wa Hale mwaka 1964, na mtambo mpya wa Pangani mwaka 1995. Tangu enzi za ukoloni, basi, mtu wa bondeni anayewasha taa au kumwagilia shamba ana deni kwa mvua iliyonyesha juu ya shamba la mtu wa Soni au Bumbuli.

Wanaoandika historia ya mabwawa makubwa huanza pale ukuta unapojengwa: zege, mto kuzibwa, vijiji kuzama, watu kugoma kuhama. Lushoto hakuna ukuta wa namna hiyo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Tanganyika ilitaka mlima wenyewe uzuie maji na udongo, shamba kwa shamba, kwa mamia ya matuta madogo yaliyochimbwa kwa jembe la mkono. Ukuta mmoja ulikatwa vipande, kila kaya ikapewa chake. Wasambaa walikataa, na kukataa kwao kulichukua zaidi ya miaka kumi. Hadithi hiyo ni ya aina moja na ya watu waliopambana na mabwawa kwingineko: serikali yenye mpango wa maji na udongo, wataalamu wenye ramani, na wakulima ambao hakuna aliyewauliza. Kumbukumbu zake zimekaa mahali pawili ambapo ni nadra kukutana, katika faili za serikali na katika vichwa vya wazee.

Kwanza ni lazima kuijua nchi ilivyokuwa, kwa sababu mgogoro wa matuta haukuanzia kwenye matuta.

Ufalme wa Wakilindi, waliowatawala Wasambaa, ulijengwa juu ya kisa cha Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu, akaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akagawa nyama, akapewa nchi atawale. Abdallah bin Hemedi, Mswahili aliyekuwa mwandishi wa mtawala Semboja kabla ya kuwa mtumishi wa Wajerumani huko Tanga, aliyaandika hayo kwa Kiswahili katika Habari za Wakilindi, kitabu kilichochapwa kwa sehemu mpaka mwaka 1907 na kuchapwa upya mwaka 1962. Ni moja ya hazina kubwa za historia zilizoandikwa kwa Kiswahili kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na inasikitisha kwamba wanafunzi wengi wa mkoa wa Tanga humaliza shule bila kuifungua.

Katika ufalme ule, zumbe, yaani mtawala, hakuwa mtoza kodi tu. Alikula kodi ili nchi ipone. Mvua ilikuwa mikononi mwake na mwa waganga wake. Ikinyesha kwa wakati, watu wakashiba, ilisemwa kuwa zumbe anaiponya nchi. Ikikosekana, wakuu wakipigana wenyewe kwa wenyewe, njaa ikaingia, ilisemwa kuwa nchi inaharibiwa, na aliyeharibu alijulikana. Baada ya Kimweri ye Nyumbai kufa mwaka 1862, wanawe na wajukuu walipigania kiti kwa miaka mingi, wakauza watu kwa wafanyabiashara wa utumwa, na wazee waliusimulia wakati huo kama mfano wa nchi kuharibika. Kwa hiyo Msambaa alikuwa na kipimo chake cha utawala bora muda mrefu kabla ya mzungu kufika: je, mvua ipo, chakula kipo, na mtu maskini anapata pa kulima?

Wajerumani walimnyonga Mputa, zumbe wa Vuga, makao ya ufalme, mwaka 1895. Wakaweka boma Wilhelmstal, ambayo leo ni Lushoto. Wakachukua ardhi nzuri ya juu kwa mashamba ya walowezi, wakafunga misitu kama ya Shume na Magamba iwe hifadhi ya serikali. Mkulima aliyezoea kuwa na kishamba cha migomba karibu na nyumba, cha mahindi na maharage mlimani, na kingine nyikani kwa msimu wa njaa, alianza kubanwa kila upande. Waingereza walipokuja na utawala wa kupitia machifu, mwaka 1925 na 1926, walimrudisha kwenye kiti Kinyashi, aliyewahi kuwa zumbe zama za Wajerumani. Walitaka mtu mwenye jina. Kinyashi alikuwa na jina hilo na sifa ya mvua, lakini hakuwa na moyo wa kazi ile, na mwaka 1929 akajiuzulu. Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926 ilikuwa imempa zumbe kazi ya aina mpya: kutoa amri zinazotoka juu, kutoza faini, na kupokea mshahara.

Wakati huohuo, maafisa wa kilimo kote katika makoloni ya Uingereza walikuwa na hofu moja. Picha za vumbi lililofunika mashamba ya Marekani katika miaka ya 1930 zilikuwa zimewaingia akilini, na kila walipoona korongo au udongo mwekundu ukishuka na mvua, waliona jangwa linakuja. Sisemi hofu ile ilikuwa ya uongo. Mtu yeyote aliyesimama Usambara baada ya mvua kubwa ya masika ameuona udongo ukienda na maji. Kosa lilikuwa kwenye namna walivyoisoma sababu. Walimwona mkulima mvivu na mjinga aliyeharibu mlima; hawakuona misitu iliyofungwa na mashamba ya walowezi yaliyomsukuma mkulima huyo mpaka kwenye mteremko mkali.

Mwaka 1946 mpango ulianzia Mlalo, bonde lenye watu wengi kaskazini mwa Lushoto. Kila mwenye shamba aliamriwa kulima kwa matuta yanayofuata mlima kwa ulalo. Miteremko mikali ilipigwa marufuku kwa mazao ya msimu, yaani mahindi na maharage, ikatakiwa ipandwe mazao ya kudumu au iachwe. Kuchoma majani shambani kulikatazwa, na mifugo ikawekewa masharti. Mabwana shamba walipita kukagua. Asiyetimiza alipelekwa baraza la zumbe akatozwa faini, na aliyeshindwa kulipa alifungwa. Miaka michache baadaye mpango uleule ulipanuliwa kwenda sehemu nyingine za Usambara.

Tukae kidogo kwenye kazi yenyewe, maana hapa ndipo faili zinaponyamaza. Kilimo cha chakula Usambara kilikuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa wanawake. Mwanamke anainama kwenye mteremko, uso umeelekea mlima, anakokota udongo kwa jembe mpaka tuta linafika magotini, kisha anasogea hatua moja pembeni anaanza upya, toka upande mmoja wa shamba mpaka mwingine. Akimaliza mstari anashuka, anaanza mwingine. Kazi hii inaongezwa juu ya palizi, kuni, maji, watoto. Tuta likichimbwa vibaya, au mvua ikiwa kubwa kuliko lilivyokadiriwa, maji hujikusanya nyuma yake, hutoboa sehemu moja dhaifu, na kutoka hapo huteremka yote kwa pamoja yakipasua matuta ya chini. Shamba ambalo lingepoteza udongo kidogo kidogo linapata korongo kwa usiku mmoja. Na kule Uluguru, ambako serikali iliamuru makinga ya ngazi, wakulima walilalamika kuwa kuchimba huko kulileta juu udongo usio na rutuba na kuufukia wenye rutuba. Hayo ni maneno ya watu wanaoijua kazi yao.

Kulikuwa na sababu nyingine iliyokwenda ndani zaidi. Ardhi ya mazao ya msimu ndiyo iliyokuwa ikiazimwa. Mjane, kijana asiye na urithi au ndugu aliyerudi kutoka mashamba ya mkonge aliweza kuomba kishamba cha maharage kwa mwaka mmoja, na kumnyima kulionekana ni roho mbaya. Mteremko ukipandwa kahawa au miti, hauazimiki tena. Umekuwa mali ya kudumu ya mwenye nacho, ambaye mara nyingi ni mwanamume. Mpango uliotangazwa kuwa wa udongo ulikuwa unaamua nani ale na nani asile. Wakulima waliliona hilo mapema. Tena waliogopa kwamba ardhi iliyopimwa na kusimamiwa na serikali ingechukuliwa na serikali, kama Wajerumani walivyochukua, na mwaka 1951 hofu hiyo ilipata ushahidi wa karibu: Wameru wa Engare Nanyuki waliondolewa kwa nguvu ili walowezi wapewe ardhi yao, na Kirilo Japhet akalipeleka shauri lao Umoja wa Mataifa mwaka uliofuata.

Ugomvi ulifika kwa zumbe kwanza, na hilo lilikuwa jambo la kawaida kabisa kwa fikra za Kisambaa. Umati ulikusanyika Vuga kumtaka zumbe wa wakati huo, Magogo, aachie kiti, na mwaka 1947 akaachia. Nafasi ikachukuliwa na Mputa Magogo. Maafisa wa Kiingereza waliona ghasia za watu wasioelewa faida ya hifadhi ya udongo. Waliokusanyika walikuwa wanatumia haki ya zamani: zumbe anayeharibu nchi hana sababu ya kuendelea kula kodi. Zumbe sasa aliitwa kila siku kutoa amri za matuta, akitoza faini watu waleale ambao babu zake walipaswa kuwaletea mvua. Alikuwa amegeuka karani wa boma, na mvua haina boma.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya ukaidi wa kila siku kuliko ya vita. Matuta yalichimbwa nusu. Yaliachwa yabomoke. Watu walilipa faini, wakarudi kulima kama walivyojua, wakatozwa tena. Kulianzishwa vyama vya wananchi vilivyopeleka malalamiko, na TANU ilipoingia milimani katikati ya miaka ya 1950 ilikuta wasikilizaji walio tayari. Hakuna aliyehitaji kufundishwa kwa nini ukoloni ni mbaya. Wao waliubeba mgongoni, wakiwa wameinama. Kufikia mwaka 1957 na 1958 serikali ilikuwa imekubali kwamba mpango umeshindikana, ikaacha kuulazimisha.

Usambara haikuwa peke yake. Jirani zao Wapare walikwisha kuonyesha njia: mwaka 1945, katika mgogoro wa Mbiru, maelfu walipiga kambi Same kupinga kodi mpya, na mwaka uliofuata wanawake wa Usangi waliingia mapambano hayo waziwazi. Isaria Kimambo aliuandika mgogoro huo kama historia yenye hoja, na bila kazi yake pengine ungekuwa mstari mmoja kwenye ripoti. Murang'a, Kenya, wanawake waligoma kuchimba makinga mwaka 1948. Uluguru, mwezi Julai mwaka 1955, ugomvi wa makinga uliishia kwa risasi za polisi na kifo. Na katika mwaka uleule wa 1958 ambapo matuta ya Usambara yalikuwa yanazikwa, huko bonde la Zambezi Watonga wa Gwembe waliokataa kuhama kupisha bwawa la Kariba walipigwa risasi, watu wanane wakafa. Watu wapatao 57,000 walihamishwa kupisha maji yale. Ninawaweka pamoja kwa sababu waliowatawala waliwaweka pamoja: wote walionekana kikwazo mbele ya mpango wa wataalamu, na wote waliandikwa kama watu wa hasira badala ya watu wa hoja.

Tuje kwenye faili.

Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zina mafungu ya wilaya na ya jimbo la Tanga: vitabu vya wilaya, ripoti za mwaka, barua kati ya mkuu wa wilaya Lushoto na mkuu wa jimbo, ripoti za idara ya kilimo. Zipo pia karatasi za Wajerumani. Ni nyaraka muhimu sana, na wanaozitunza katika joto na unyevu wa Upanga wanastahili bajeti kubwa kuliko wanayopewa. Lakini aliyeandika faili aliandika alichoulizwa na mkubwa wake. Aliulizwa ekari ngapi zimechimbwa matuta, watu wangapi wametozwa faini, zumbe gani anashirikiana na yupi analegea. Kwa hiyo mtu anayekataa huonekana kwenye faili akiwa tayari mkosaji. Mwanamke aliyechimba haonekani kabisa, kwa sababu mwenye shamba kwenye orodha ni mumewe. Mvua inatajwa kwa inchi. Tena sio karatasi zote zilibaki. Uhuru ulipokaribia, Waingereza waliteketeza baadhi ya nyaraka za makoloni na nyingine wakaondoka nazo. Mwaka 2011, katika kesi ya wahanga wa Mau Mau dhidi ya serikali ya Uingereza, ilibidi wakiri kuwa wamezificha Hanslope Park miaka yote hiyo. Faili za Tanganyika zilikuwamo katika shehena hiyo, na sasa mtu anayetaka kuzisoma anapaswa kufunga safari mpaka London.

Upande wa pili wa kumbukumbu ungepotea zaidi kama mtu mmoja asingekaa na kusikiliza. Steven Feierman, mwanahistoria wa Kimarekani, alifika Usambara katikati ya miaka ya 1960, akajifunza Kisambaa, akahoji wazee kijiji kwa kijiji. Kitabu chake cha kwanza juu ya ufalme wa Wasambaa kilitoka mwaka 1974. Cha pili, cha mwaka 1990, kilisimama moja kwa moja kwenye mgogoro wa matuta na kudai jambo ambalo wanazuoni wengi walikuwa hawajalikubali: kwamba viongozi wa mgogoro ule walikuwa wanafikra. Walikuwa wakulima, wengine waliowahi kuwa makarani au wafanyabiashara kisha wakarudi kwenye jembe, na walichukua lugha ya zamani ya kuponya na kuharibu nchi wakaitumia kujadili kodi, ardhi, uchifu na demokrasia. Nadhani huo ndio mchango wake mkubwa. Aliwapa wakulima wa Vuga na Mlalo heshima ya kubishana nao kama watu wenye nadharia.

Hata hivyo kuna kitu hakijakaa sawa, na ni juu yetu, si juu yake. Kitabu kikuu juu ya uamuzi wa bibi na babu zetu kimeandikwa kwa Kiingereza na kuchapwa Wisconsin. Mtoto wa sekondari Mlalo, anayepita kila asubuhi kwenye mteremko uliogombaniwa, hana kitabu cha Kiswahili cha kumweleza kilichotokea pale. Anafundishwa TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 Dar es Salaam, ambalo ni kweli, na haambiwi kwamba bibi yake alikuwa ameshaanza siasa miaka minane kabla, kwa kuliacha tuta libomoke.

Serikali huru nayo haikuwa na kumbukumbu ndefu. Mabwana shamba waliendelea kuwa watu wa kutoa amri. Mwaka 1981, kwa msaada wa Wajerumani, ulianza Lushoto mradi wa kuzuia mmomonyoko na kilimo mseto cha miti uliojulikana kama SECAP. Safari hii mistari ya kuzuia maji ilipandwa majani ya malisho, yale ya Guatemala, pamoja na miti, na ng'ombe akafungiwa bandani akikatiwa majani hayohayo. Samadi ikarudi shambani. Mkulima aliona maziwa, akaona mbolea, na pale alipoona faida alipanda. Ukipita barabara ya Soni kwenda Lushoto utaiona mistari ya majani imekata milima. Sidhani ni ajabu kwamba kilichokubaliwa ni kile kilichokuwa na kitu cha kuweka mezani. Wazee wa Mlalo walikuwa wamelisema hilo mbele ya baraza, wakatozwa faini kwa kulisema.

Leo nchi yetu inajenga tena miradi mikubwa ya maji. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, limeshaanza kuzalisha umeme, na bonde la Pangani lina maombi ya maji mengi kuliko maji yenyewe. Kila mradi wa namna hii huacha faili nene la wahandisi. Faili la wanaoishi juu ya mto na chini ya mto huwa jembamba, au halipo.

Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1955 sasa amekwishafika tisini, na walio hai ni wachache. Wengi wao ni wanawake, kwa kuwa wanawake huishi zaidi, na hao ndio waliochimba. Maswali ya kuwauliza yako wazi. Ni nani aliyekuazima shamba la maharage, na baada ya amri ulilima wapi? Faini ililipwa na nani, na kiliuzwa nini ili ilipwe? Nani alikwenda Vuga mwaka 1947, na nani alibaki na watoto? Bwana shamba aliyepita kwenu alikuwa Msambaa au mgeni, na mlimwitaje akishaondoka? Shule za sekondari ziko karibu kila kata ya Lushoto, karibu kila nyumba ina simu inayorekodi sauti, na walimu wa historia wapo. Mazungumzo yarekodiwe kwa Kisambaa kama bibi anavyosema, yafasiriwe kwa Kiswahili baadaye, nakala moja ibaki wilayani, nyingine ipelekwe Nyaraka za Taifa na kuwekwa kwenye fungu lilelile la matuta, ili atakayeagiza faili la mkuu wa wilaya aletewe na sauti ya aliyetozwa faini.